Kupima uga wa umeme na potenshali kwa trei ya maji

Mwanafunzi anaweza kukariri E = kq/r² (uga wa umeme) na V = kq/r (potenshali, yaani volteji ya mahali) mwaka mzima bila kujua E na V zinahusianaje. Humo q ni chaji, r ni umbali kutoka kwenye chaji, na k ni namba isiyobadilika. Uga wa umeme hueleza potenshali inashuka kwa kiasi gani kwa kila mita unayosogea. Hilo linapimika mezani.

Weka trei ya plastiki angavu juu ya karatasi ya grafu, umimine maji ya bomba hadi kina cha milimita 5. Simamisha ndani yake mabamba mawili ya shaba yaliyo sambamba, umbali wa sentimita 10. Unganisha betri 4 za 1.5 V kwa mfululizo ili upate 6 V, kisha uunganishe upande wake chanya kwenye bamba moja na hasi kwenye jingine. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa kazi hii. 230 V pamoja na maji huua. Multimita (kifaa cha kupimia volteji) iwe kwenye DC 20 V, ncha nyeusi ifungwe kwenye bamba hasi, na ncha nyekundu uichovye ikiwa wima.

Tafuta sehemu zote zinazosoma 2 V, uziweke alama kwenye grafu nyingine na kuziunganisha. Fanya hivyo kwa 3 V na 4 V. Katikati utapata mistari iliyonyooka. Karibu na kingo za mabamba itapinda. Isome kama kontua za ramani, yaani mistari ya mwinuko ulio sawa: inapobanana, mteremko ni mkali, yaani uga ni mkubwa. Mishale ya uga ikate mistari hiyo kwa nyuzi 90, ikitoka volteji kubwa kwenda ndogo. Ni nyuzi 90 kwa sababu ukifuata mstari wenyewe potenshali haibadiliki, hivyo uga hauna sehemu yoyote upande huo.

Tuseme mstari wa 2 V na wa 4 V vimeachana sentimita 5. Basi E = 2 V ÷ 0.05 m = 40 V/m. Lakini 6 V ÷ 0.10 m ni 60 V/m! Tofauti hiyo haitokani na kupima vibaya. Sehemu ya volteji hutumika pale bamba linapokutana na maji, kwenye mmenyuko wa kemikali. Chovya ncha milimita 2 tu kutoka bamba hasi na hutasoma sifuri. Kwa hiyo kokotoa uga kwa mistari uliyochora, usitumie volteji ya betri. Usiongeze chumvi: viputo vitazidi na betri zitakwisha haraka. Trei ikiinama, mistari husongamana upande wenye maji machache, kwa kuwa ukinzani wa huko ni mkubwa.

Kosa linalogharimu alama nyingi kwenye mtihani ni kudhani potenshali ikiwa sifuri, uga nao ni sifuri. Weka chaji ya +2 nC (nanokulombi) na ya −2 nC umbali wa sentimita 20. Katikati, V = 180 − 180 = 0 V. Uga wa kila chaji hapo ni 1,800 N/C (N/C ni sawa na V/m) na zote mbili zinaelekea upande mmoja, kuelekea chaji hasi, hivyo jumla ni 3,600 N/C. Sasa chaji zote ziwe +2 nC: V inakuwa 360 V, na uga unakuwa sifuri kwa sababu zinasukuma pande zinazopingana. Potenshali hujumlishwa kwa alama zake tu. Uga hujumlishwa pamoja na mwelekeo.

Rudi kwenye trei na uhamishie ncha nyeusi kwenye bamba chanya. Palipokuwa 2 V patasoma −4 V, na palipokuwa 4 V patasoma −2 V. Tofauti ingali 2 V, na uga ni uleule, 40 V/m, kwa mwelekeo uleule.