Punguza moto wa boila, joto la chumba liache palepale

Mimi ni fundi wa gesi hapa Leicester, England, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu, kuanzia Wabajuni na Watanga hadi ndugu zetu wa Bukavu. Nikiingia jikoni, macho huenda kwanza kwenye kioo cha boila. Mara nyingi nakuta maji ya rejeta, yale mabamba ya ukutani yanayopasha chumba, yamewekwa nyuzi 75 au 80, vilevile alivyoyaacha aliyeifunga. Mama wa nyumba naye, kwa kuogopa bili, anawasha saa moja na kuzima saa tatu. Watoto wanatokwa jasho, kisha wanavaa makoti ndani, na gesi inaliwa tu. Hili linaniuma, kwa sababu dawa yake haina gharama.

Kwanza tutenganishe namba tatu. Themostati ya ukutani inasema chumba kifike joto gani. Namba yenye picha ya rejeta kwenye boila inasema maji yanayopelekwa kwenye rejeta yawe ya moto kiasi gani. Ile yenye picha ya bomba ni ya maji ya kuoga na kuosha vyombo. Ukishusha namba ya rejeta hutakaa kwenye baridi: themostati ikiwa 20, chumba kitafika 20, ila kitachelewa kidogo.

Sababu iko ndani ya boila yenyewe. Karibu boila zote za gesi zilizofungwa nyumbani England tangu 2005 ni zile zinazonasa joto la mvuke. Gesi ikiungua hutoa mvuke, na mvuke huo ukigeuka maji ndani ya boila, joto lake hubaki kwako badala ya kutoka na moshi. Lakini haugeuki maji vizuri mpaka maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Ukipeleka maji ya 80, yanarudi bado ni ya moto mno, na ule mvuke ulioununua kwa pesa yako unauona ukipaa nje ya dirisha. Ukipeleka ya 60, yanarudi yamepoa, na lile bomba jembamba la plastiki la chini ya boila linaanza kutoa maji. Hiyo ndiyo dalili njema.

Kabla ya kugusa chochote, fungua makabati yote, hata la ghorofani. Kama hakuna tangi la maji ya moto, una kombi, yaani boila inayopasha maji ya bomba papo hapo, endelea. Bonyeza au zungusha kitufe chenye picha ya rejeta mpaka kisome 60. Kama hakina namba, anzia katikati. Iache siku nzima yenye baridi. Vyumba vikifika joto unalotaka, jaribu 55. Wiki ya barafu ikikushinda, panda hadi 65. Nyumba kuukuu yenye rejeta ndogo huenda ikabaki hapo msimu wote, na si vibaya.

Baada ya hapo napigiwa simu: "Fundi, boila imeharibika, rejeta ni vuguvugu!" Haijaharibika, dada yangu. Isome themostati, usipime kwa kiganja. Rejeta sasa inafanya kazi polepole kwa muda mrefu, kwa hiyo washa nusu saa mapema zaidi. Na tafadhali, kanga mbichi usizianike juu yake. Zinaziba joto, na unyevu wake unaleta ukungu kwenye kuta.

Maji ya bomba kwenye kombi yanatosha yakiwa nyuzi 50. Maji ya 60 yanaweza kumuunguza mtu kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto haingoji hata hizo. Kama kila siku unalazimika kuchanganya maji baridi mengi ndipo uoge, umepasha kupita haja. Boila nyingi pia zina mpango wa kuweka maji tayari ya moto ndani yake mchana na usiku, uzime. Wanaotawadha nyumbani, bomba la mkono mmoja liwe limeelekea upande wa baridi kabisa. Mara nyingi udhu huisha kabla maji ya moto hayajafika, na boila imeshawaka bure.

Ukikuta tangi, mambo yanabadilika. Themostati iliyofungwa ubavuni mwa tangi ibaki 60, usiishushe hata kidogo. Kati ya nyuzi 20 na 45 huzaliana bakteria wa Legionella, wanaoshambulia mapafu ya mtu anapovuta matone ya maji ya shawa. Boila nayo inabidi ipeleke maji ya moto kuliko tangi, kwa hiyo 65 hadi 70 ndiyo mahali pake.

Vile vishikio vyenye namba ubavuni mwa rejeta: sebuleni weka 3, vyumba vya kulala 2. Katika chumba chenye themostati ya ukutani, kishikio kiache wazi kabisa, la sivyo kitagombana na themostati. Penye mzee, joto lisishuke chini ya 18; anapolala mtoto mchanga, liwe kati ya 16 na 20.

Mpangaji hahitaji ruhusa kubadilisha namba hizi. Kufungua kifuniko cha boila ndiko kusikoruhusiwa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kadi ya Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na nyuma ya kadi kumeandikwa kazi anazoruhusiwa. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999.

Na asubuhi ya barafu ukikuta boila imezima, huenda lile bomba la plastiki limeganda sehemu inayopita nje. Kama unalifikia bila ngazi, limwagie maji ya vuguvugu, si yanayochemka, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya.