Trekta la kazi za mifugo: pima mzigo kwanza, nguvu farasi baadaye

Trekta la mazao hupumzika msimu ukiisha. La mifugo halina likizo: linagawa saileji (majani mabichi yaliyovundikwa), linazoa samadi, linavuta tela la maji, na karibu kila kazi ni safari fupi ya kusimama, kurudi nyuma na kuinua. Ndiyo maana klachi, ekseli ya mbele na haidroli huchoka injini ikiwa bado nzima. Anayenunua kwa kutazama nguvu farasi peke yake anakagua sehemu itakayochelewa kumsumbua.

Anza na kitu kizito kuliko vyote utakavyoinua. Robota la mviringo la nyasi kavu, lenye upana na kipenyo cha mita 1.2, huwa na kilo 250 hadi 300 hivi. La saileji, ukubwa uleule, linaweza kufika 600 hata 700. Sasa soma kwa makini kijitabu cha loda, yaani mikono ya mbele ya kuinulia mizigo. Takwimu ya kuvutia wateja mara nyingi hupimwa kwenye pini, pale mikono inaposhika ndoo, ilhali uzito wa robota uko mbele zaidi. Dai kipimo cha milimita 500 au 600 mbele ya pini, loda ikiwa juu kabisa. Toa uzito wa uma unaobeba robota, kisha bakiza robo ya ziada.

Loda kuwa na nguvu hakutoshi kama trekta lenyewe ni jepesi. Kwa marobota ya kilo 700 tafuta trekta la tani 3 hivi, na ufunge uzito wa kusawazisha nyuma kama kijitabu kinavyoelekeza. Matrekta mengi ya kiasi hiki yana breki kwenye ekseli ya nyuma tu. Mzigo ukinyanyua magurudumu hayo mteremkoni, unakanyaga breki isiyoshika kitu. Ukiwa umeingiza 4WD (magurudumu yote manne yakisukuma), magurudumu ya mbele nayo huzuiwa kupitia shafti yake. Kwa kazi ya loda, trekta la 2WD hatulishauri.

Kwa mikisa ya chakula, mashine ya kufunga marobota au pampu ya samadi, kinachohesabika ni nguvu inayotoka kwenye PTO, shafti ya trekta inayozungusha mashine zilizofungwa kwake. Hiyo huwa pungufu ya injini kwa asilimia 10 hadi 15, hivyo injini ya farasi 60 inakupa kama 51 hadi 54. Chagua PTO inayojitegemea. Zile za zamani zinazokatika pamoja na klachi zinakera: nyasi zikisongamana huwezi kusimamisha trekta huku mashine ikiendelea kuzimeza.

Uliza gia za kwenda mbele na kurudi nyuma zinabadilishwaje. Banda likisafishwa, dereva hugeuza mwelekeo mara nyingi mno, na klachi ya kukanyaga hulipia kila mara. Mkono wa kugeuza unaotumia haidroli ni ghali dukani, lakini huokoa klachi.

Matrekta mapya mengi yana chujio la masizi kwenye moshi. Hilo husafika likipata joto kali, na kazi za dakika 15 zenye kunguruma tu bila mzigo hazilifikishi huko, hivyo huziba. Kama siku zako zote ni hivyo, panga kulipatia trekta kazi nzito mara kwa mara au tafuta modeli isiyo na chujio hilo, pale sheria inaporuhusu. Hakikisha pia wavu wa mbele ya rejeta unachomoka bila spana, maana vumbi la nyasi huujaza haraka. Na pima mlango wa banda. Fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka iwe ya kukunjika, na irudishwe juu mara tu ukitoka.

Trekta lililotumika likaguliwe injini ikiwa baridi. Shika bloku: ikiwa na joto, limeshawashwa kabla hujafika, na huenda kuna ugumu wa kuwaka unaofichwa. Moshi mwingi kwenye bomba la kupumulia la injini ni pistoni na ringi zilizochoka. Oili ya giaboksi yenye rangi ya maziwa ina maji. Inua ndoo yenye mzigo, zima injini, simama mbali na usikae chini yake: ikishuka upesi, sili za silinda au vali zinavuja. Kisha bonyeza ndoo chini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke, weka magogo imara chini ya ekseli na utikise kila gurudumu. Mlio wa kugonga katikati ni pini ya ekseli au bushi zake.

Mkojo na samadi hula chuma, kwa hiyo chunguza rimu kwa ndani, viunganishi vya nyaya na chini ya sakafu ya dereva. Mwisho tazama pedali ya klachi: ikiwa mita ya saa za kazi inasoma 900, lakini mpira umekwisha hadi chuma kinang'aa, mita hiyo usiiamini.