Kutafuta Asili Yako Korea Kusini Baada ya Kulelewa Ughaibuni

Anza na karatasi kabla ya safari. Mtu aliyeasiliwa kutoka Korea Kusini akalelewa Marekani, Denmark au Ufaransa anaweza kuomba faili lake kupitia Kituo cha Taifa cha Haki za Mtoto kilichoko Seoul, ambacho mwaka 2025 kilikabidhiwa kumbukumbu zilizokuwa mikononi mwa mashirika ya kuasilisha watoto. Faili likifika, lisome kwa tahadhari: Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilibaini kwamba baadhi ya watoto waliandikwa kuwa yatima ilhali wazazi wao walijulikana, kwa hiyo jina, tarehe ya kuzaliwa na hata maelezo kwamba mtoto aliokotwa mlangoni pa kituo cha polisi vichukuliwe kuwa dokezo tu, wala si ushahidi.

Usipopata taarifa za familia, ulizia ubalozi wa Korea Kusini kuhusu kutoa sampuli ya vinasaba, huduma iliyoanza mwaka 2020. Anwani ya mzazi aliye hai kwa kawaida haitolewi bila ridhaa yake, na ukimya wake (unaouma, bila shaka) haukuzuii kujifunza Kikorea wala kuomba viza ya F-4, inayotolewa kwa waliowahi kuwa raia.