Kabla hujaomba chuo kusomea uhasibu na menejimenti

Kwanza soma mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na uwe wa mwaka huu, si ule aliokuachia kaka yako. Kwa waliomaliza kidato cha sita, kiwango cha chini ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E kwenye masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hizo zinakufikisha mlangoni tu, kozi yenyewe ina masharti yake. Si lazima uwe umesoma tahasusi ya ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) nao wanaingia, lakini itazame Hesabu yako ya kidato cha nne. Kozi nyingi zinaitaka walau D kama hukuisoma tena kidato cha tano na sita.

Tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja. Mzumbe, IFM, TIA, UDSM, Chuo cha Uhasibu Arusha: usiombe kimoja ukakaa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, Bodi ya Mikopo itakitaka. Majina yafanane kwenye vyeti vyote, herufi kwa herufi.

Sasa namba ya simu. Hapa nisikilize vizuri.

Mdogo wangu alijaziwa maombi steshenari. Hakuwa na laini yake, alikuwa anatumia ya mama. Kijana wa pale akamwambia, "Tuweke yangu tu dada, hamna shida." Ikaingia namba yake, baruapepe yake, na nywila akaiandika kwenye daftari la mauzo. Majina yalipotoka, binti kachaguliwa vyuo viwili. Mama akachinja kuku. Lakini aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au baruapepe, ndani ya siku zilizopangwa. Namba ilitumwa kweli, ikaenda kwa yule kijana, ambaye alishahama mji na laini ameitupa. Kuiomba upya kunataka uingie kwenye akaunti, na nywila hatuna. Tulilisaka lile daftari mpaka tukalipata: kurasa za mwezi ule zimechanwa, zimefungiwa vitumbua. Dirisha likafungwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima na matokeo yake mazuri.

Kwa hiyo laini iwe yako. Baruapepe ifungue mwenyewe, nywila iandike kwenye daftari lako linalolala nyumbani. Simu ikiibiwa, rudisha laini siku hiyohiyo. Ada ya maombi lipa kwa kumbukumbu namba uliyoipata ndani ya akaunti yako, risiti itunze. Anayekupigia akisema ana nafasi ya uhasibu ya kukuwekea, usimpe hata mia. Na kabla hujatoka steshenari, funga akaunti, chomoa flashi, kisha inua kifuniko cha skana uangalie kama cheti chako hakijabaki humo.