I au me? Namna ya kuchagua kiwakilishi sahihi cha Kiingereza

Nimemaliza kumsaidia mtu kusahihisha barua zake za kazi, na karibu makosa yote yalikuwa sehemu moja: hatua ya 2 hapa chini. Nyingine unaweza kuzipitia upesi.

Hatua ya 1: Tafuta mtenda na mtendwa.
Mtenda huchukua I, he, she, we, they. Mtendwa, na yeyote anayefuata vihusishi kama to, for, with, huchukua me, him, her, us, them. You na it hazibadiliki. Kazi hii unaifanya kila siku bila kufikiri: katika "anamwita", ile a- ni mwitaji na -mw- ni mwitwa.

Hatua ya 2: Wakiwa wawili, mfute mwenzako.
Chukua "The manager called Asha and I." Futa "Asha and", inabaki "called I". Imevunjika, kwa hiyo andika "Asha and me". Geuza: "Asha and me went" inabaki "me went", basi hapo ni I.

Kinachowaponza watu ni kukemewa shuleni kwa kusema "me and Asha went". Wakatoka wakiamini I ndiyo yenye adabu popote pale, na ndiyo maana "between you and I" utaisikia zaidi kwa waliosoma. Na hapo kufuta hakusaidii, maana between inataka wawili. Ukimfuta mmoja, "between I" na "between me" zote hazina maana. Badala yake, wakusanye wote kuwa we au us. Husemi "between we", unasema "between us". Us iko kundi moja na me, basi ni "between you and me".

Kwa "we teachers" na "us teachers", futa teachers kisha usikilize.

Wengine huikwepa shida kwa kuandika "contact Asha or myself". Mimi naifuta kila ninapoiona. Myself inamtaka I awe tayari ndani ya sentensi: "I cut myself", "I did it myself". Kwingine, me inatosha.

Hatua ya 3: Baada ya than, ongeza kitenzi.
"She likes him more than I" ni kuliko mimi ninavyompenda. "More than me" ni kuliko anavyonipenda mimi. Programu ya kusahihisha haiwezi kujua ulikusudia ipi. Andika "than I do" au "than she likes me", uhame hapo.

Hatua ya 4: Who au whom?
Jibu swali kwa he au him. Jibu likiwa him, ni whom. Zote zinaishia kwa m. Angalia vishazi vya katikati: katika "the man who I think stole it", ondoa "I think", utaona anayeiba ni yeye, basi who.

Kwenye maongezi, who inatosha karibu kila mahali, kama vile "It's me" inavyotosha mlangoni. Ukibisha hodi kwa "It is I", watakufungulia wakicheka.

Hatua ya 5: Usimtaje mtu au kitu mara mbili.
"Kitabu nilichokinunua" kina -cho- na -ki-, na ni sawa kabisa. Kiingereza hakikubali: "the book which I bought", bila it mwishoni. Vivyo hivyo "My father teaches", si "My father he teaches".