Kuhamisha samaki na matumbawe kwenda tangi jipya la maji chumvi

Wadau, watu wengi wakihama wanahangaika na maji ya zamani, wanayabeba mpaka tone la mwisho, wakati bakteria wanaokula amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) wamejaa kwenye mawe, kwenye maji wapo kiduchu tu. Mawe yakifika yamelowa, kazi kubwa imeisha. Mfano wangu ni kutoka lita 200 kwenda lita 400, we piga hesabu zako.

1. Jana yake, changanya maji mapya. Maji ya RO (yaliyochujwa kwa kichujio maalumu kutoa madini na uchafu), sio ya bomba, na chumvi ya akwaria gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 250 zinakula karibu kilo 9 (chumvi ya mezani hapana jamani). Acha pampu izungushe mpaka kesho yake ndo upime chumvi na joto. Wengi tunalenga chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi) na joto 25 au 26, ila kama tangi la zamani linasoma 1.023 basi mapya nayo yawe 1.023, utapandisha polepole baadaye. Kwa sisi wa Dar hita sio ishu, ishu ni maji kupanda mpaka 30, elekeza feni juu ya maji.

2. Anza asubuhi, na uwe na pampu ya hewa ya betri maana umeme hauagi. Kabla hujagusa jiwe lolote vuta maji ya juu kwa mpira ujaze ndoo na mapipa, ukichelewa uchafu unatibuka na maji yote yanakuwa kama chai ya maziwa.

3. Matumbawe yanatoka kwanza, kila aina na ndoo yake. Vaa glovu na miwani, zoanthidi (jamii ya matumbawe laini yanayoota kama maua madogo juu ya jiwe) zina sumu kali, na jiwe lake usilichemshe hata siku moja, mvuke wake umeshalaza watu hospitali. Anemoni (mnyama laini kama ua anayeshika jiwe kwa mguu) usimvute, mguu ukichanika ndo basi tena, mhamishe na jiwe lake.

4. Mawe yaende kwenye pipa lenye maji na pampu inayozunguka. Chungulia matundu yote, kamba na samaki wadogo wanajibana humo.

5. Samaki mwisho. Ukimkimbiza samaki na wavu mawe bado yamo utamaliza siku nzima na utamchosha bure. Subiri mawe yatoke, maji yabaki kama sentimita 15, halafu tumia nyavu mbili, moja itulie kwenye kona na nyingine imsogeze taratibu, ataingia mwenyewe. Ndoo ifunikwe, wanaruka hao.

6. Mchanga wa zamani acha. Hapa ndo tangi nyingi zinafia. Chini kabisa kuna tabaka jeusi, ukilifukua linatoa harufu ya yai viza, hiyo gesi ni sumu kwa samaki, na uchafu wa miaka unaachia amonia kwa mkupuo. Nunua mpya uoshe mpaka maji yatoke safi. Kama unaupenda sana wa zamani chota vikombe viwili vya juu juu, basi.

7. Kupanga. Mawe yakae kwenye kioo chenyewe, mchanga ufuate pembeni, ukiweka mchanga kwanza samaki wachimbaji watakuangushia mlima. Mimina maji ya zamani yaliyo safi, ongeza mapya, washa pampu, pima chumvi na joto. Yakilingana na ya ndoo, ongeza kikombe cha maji ya tangi kwenye ndoo ya samaki kila dakika chache kwa nusu saa hivi, kisha hamisha samaki peke yake, maji ya ndoo mwaga, yana mikojo ya siku nzima.

8. Wiki ya kwanza pima amonia kila siku, ikionekana badilisha robo ya maji. Chakula kidogo, skima (mashine inayotoa uchafu kwa mapovu) iwake muda wote. Kama taa ni mpya na kali anza na saa 4 kwa siku, matumbawe yakae chini kwanza, uyapandishe kidogo kidogo yakishafunguka vizuri.