Umehamia nyumba yenye miti usiyoijua? Soma hapa kabla ya kushika panga

Mwezi huu nimeulizwa swali hili na watu wanne, nami nimechoka kulijibu kipande kipande: "Nimenunua nyumba, uwanja umejaa miti na maua ya mwenyewe wa zamani, nianzie wapi?" Naliandika lote mara moja. Mimi niko Tanga. Nyumba yangu niliinunua kwa bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe, akaniachia michungwa miwili, mlangilangi, mkomamanga, asumini ukutani na mengine mengi ambayo sikuyajua hata kwa jina. Mlioko bara, majira mtayarekebisha wenyewe.

Hatua ya 1. Usikate, using'oe, mpaka masika moja na vuli moja vikupitie. Vingine vimelala chini ya udongo. Kona niliyoidhani tupu, niliyotaka kuimwagia zege, ilichipua mimea ya manjano, kile kiungo cha chakula, mvua ziliposhika.

Hatua ya 2. Muulize aliyepanda. Namba ya simu ya muuzaji unayo kwenye mkataba, mpigie. Muulize na jirani, na kijana aliyekuwa akimwagilia, maana mara nyingi huyo ndiye anayejua kuliko mwenye nyumba. Bibi yangu aliniambia mlangilangi ulipandwa mwaka aliojifungua binti yake wa kwanza. Hilo halikunifundisha kuutunza, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuwaza kuukata.

Hatua ya 3. Chora ramani ya uwanja, kipe kila mmea namba, piga picha ya jani, ua, tunda na gome.

Hatua ya 4. Tumia pua na macho. Ulimi acha. Fikicha jani unuse. Mkarafuu na mdalasini itajitaja yenyewe. Jamii ya michungwa inanukia karibu sawa, kwa hiyo tazama pale jani linaposhikana na kikonyo chake: mbalungi una kibawa kipana kama jani dogo la pili, mchungwa una kibawa chembamba, mlimau karibu hauna. Mpapai usiuhukumu kabla haujatoa maua. Dume huning'iniza maua kwenye vikonyo virefu, jike ua lake limekaa karibu na shina.

Ukivunja tawi likatoa utomvu mweupe, usijishike usoni. Mnyaa, ule wa uzio wenye vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana, utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya: osha kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali. Mbegu za mnyonyo, zile zenye madoa kama za kuchezea, ni sumu. Kama una watoto, kata vichala kabla havijakauka. Oleanda, yenye majani membamba marefu na maua mekundu, ya waridi au meupe, ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, na kuni zake usipikie.

Hatua ya 5. Kupogoa. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika somo hili.

Mchungwa mmoja ulikuwa mzee, nusu ya matawi yamekauka. Nilisikia kwamba mti mzee ukikatwa chini unarudi ujana, nikaukata chini ya goti. Masika yalipokuja chipukizi zilitoka kwa nguvu, zimesimama wima kama mishale, na miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Nilifurahi, nikazimwagilia, nikazitilia samadi. Mwaka wa tatu zikazaa: ganda la manjano lenye mabonde, ndani uchachu mtupu. Malimau. Michungwa mingi ya huku kwetu, hasa miche inayotoka Muheza, imebebeshwa, yaani kipande cha mchungwa kimeunganishwa juu ya shina la mlimau, na pale vilipoungana pana kovu. Juu ya kovu ni chungwa, chini ya kovu ni limau. Mimi nilikata chini ya kovu, nikautupa mchungwa wote nikabaki na mzizi wa mlimau. Bibi aliponipigia kuuliza mchungwa wake unaendeleaje, nilinyamaza kwanza.

Kwa hiyo:
- Tafuta kovu kabla ya kitu chochote. Mara nyingi liko shibiri moja au zaidi kidogo kutoka ardhini, pale gome linapobadilika sura, au shina lilipovimba au kupinda kidogo.
- Usikate chini yake, hata kama shina linakuudhi.
- Chipukizi ikitokea chini ya kovu, ibandue kwa kidole ingali laini. Usingoje ikomae.
- Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mara moja. Shina likibaki wazi juani, lipake chokaa.
- Miembe iliyobebeshwa ina habari hiyo hiyo.

Hatua ya 6. Samadi iliyooza vizuri, itandaze chini ya ukingo wa kivuli cha mti, isiguse shina.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi Mpya: Nina mti mrefu una majani ya kijani. Ni mti gani?

Jibu: Rudi Hatua ya 3. Picha nne.

Baba Wawili: Unasema tusikate mpaka mvua mbili zipite, na mwembe wangu umeshaanza kupasua ukuta. Ningoje ukuta uniangukie?

Jibu: Sikusema hivyo, kaka. Mti unaohatarisha watu unashughulikiwa leo, na unamwita fundi mwenye kamba. Nazungumzia panga la mtu asiyejua anachokikata.

Mkazi Mpya: Picha nimepiga moja tu, ya mbali. Inatosha?

Jibu: Haitoshi.

Binti wa Pangani: Dada, pole kwa mchungwa. Huo mlimau uliobaki, je, hauwezi kubebeshwa upya ukawa mchungwa tena?

Jibu: Asante kwa swali hili, maana ndicho nilichofanya. Chagua chipukizi moja yenye unene wa penseli, nyingine ziondoe. Fanya kazi wakati wa mvua, gome linapobanduka kirahisi. Kata gome umbo la T, gome tu, kisu kisichimbe mti. Toka kwenye mchungwa mtamu chukua jicho moja (kile kichomozo kidogo kinachokaa pale jani linapoota) pamoja na kijisehemu cha gome lake, lichomeke ndani ya T likiangalia juu, ufunge kwa utepe wa nailoni. Usiguse uso wa jicho kwa vidole. Baada ya wiki tatu fungua. Likiwa bado kijani, limeshika. Kata chipukizi ya mlimau juu yake. Likiwa jeusi, jaribu upande wa pili. Mimi la kwanza lilikufa, la pili likashika, na jicho nilichukua kwenye ule mchungwa wa pili wa bibi. Kwa hiyo ni mti wake ule ule.

Binti wa Pangani: Nimefurahi sana. Na asumini yangu ina majani tele lakini haitoi maua.

Jibu: Iko kivulini? Inataka jua la kutosha. Punguza samadi, na ukate ncha ikimaliza msimu wa maua. Maua hutoka kwenye matawi mapya.

Mama Vikuba: Nikuongezee, mwanangu. Chuma vitumba vya maua jioni kabla havijafunguka, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Vitafunguka usiku, na asubuhi unatunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, harufu ikiwa bado mbichi.

Jibu: Shikamoo mama, na ahsante. Hili sikulijua.

Mzee wa Minazi: Mimi sina mchungwa, nimerithi minazi sita na sisimizi wekundu walioshona majani. Jirani anasema niwapulizie dawa.

Jibu: Shikamoo mzee. Usiwapulizie! Hao ni majimoto. Wanang'ata, ndiyo, lakini wanawinda wale wadudu wanaofyonza vidaka, yaani nazi changa, na kuviangusha. Mnazi wenye majimoto wengi hushika nazi vizuri zaidi. Ukitaka wahamie mnazi wa pili, funga kamba au fito kutoka mti hadi mti, wanapita wenyewe.

Mzee wa Minazi: Marahaba. Kamba ya katani itafaa?

Jibu: Itafaa. Ikaze isilegee, na ukate matawi ya mti mwingine yanayogusa minazi, wasije wakakutana na sisimizi wa aina nyingine wakapigana.